Umepangiwa meza na watu usiowajua kwenye meli ya kitalii? Soma hii kabla hujapanda

Siku hizi hapa Mwanza wazazi wenye watoto nje wapo wengi, mtoto anapambana huko anakata tiketi za meli ya kitalii anawaambia baba na mama njooni tule bata wiki moja, na wengine wanaenda fungate, wengine kazini kwao wamewazawadia. Safi sana. Viza watu wanaulizana, ndege wanaulizana, kutapika baharini ndo wanaulizana kuliko vyote, ila meza ya chakula cha jioni hamna anayeigusa, na hapo ndo watu wetu wanapata tabu kimya kimya. Kwenye hizi meli kubwa unaweza kupangiwa meza moja na watu sita au nane ambao hujawahi kuwaona maishani, mnakula wote kila jioni mpaka safari inaisha, na ukichelewa wewe wanakusubiri wote. Mi nimebeba masinia kwenye ukumbi wa namna hiyo kabla sijarudi nyumbani, kwa hiyo haya nayaandika kwa jicho la mtu wa upande wa jikoni, msije mkasema huyu ameyatoa wapi.

Anza kwa kujua umewekwa kwenye mtindo gani wa kula

Fanya hivi ukiwa bado Mwanza, usisubiri ufike melini. Ingia kwenye oda yako au mwambie aliyekukatia tiketi aangalie. Kuna mitindo miwili mikubwa. Wa kwanza ni wa zamani, unapewa saa maalum, meza yenye namba, na weita wako ni yule yule kila siku, na watu wa mezani ni wale wale. Hapo kuna awamu mbili, ya mapema ambayo ni saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili jioni, na ya pili ambayo ni saa mbili na robo au mbili na nusu usiku. Mtindo wa pili ni wa kuja saa unayotaka ndani ya muda ambao ukumbi uko wazi, kwenye makampuni ya meli Royal Caribbean wanauita My Time Dining, Carnival wanauita Your Time Dining, na Norwegian wenyewe waliachana na mambo ya kupangiana saa wakaja na mtindo wao wa Freestyle mwaka 2000. Disney wana wa kwao, kila jioni unahamishiwa ukumbi mwingine ila weita wako anahama na wewe na watu wa mezani mnahama wote.

Sasa mtu anaweza kusema basi mi nachagua wa kuja saa ninayotaka nimemaliza. Hujamaliza. Kwanza hata huko mlangoni unaulizwa kama uko tayari kukaa na wengine, ukisema ndio unaingia haraka, ukisema hapana unaweza kusubiri meza ya wawili na kuna siku foleni inakuwa ndefu. Pili, hata kama jioni umepata meza yako peke yako, asubuhi na mchana kuna meli ukumbi mkuu unajazwa kwa mpangilio wa nani kaingia, unaweza kukalishwa kwenye meza ya duara na wageni. Kwa hiyo adabu za meza ya pamoja utazihitaji tu.

Ushauri wangu kwa wazazi wetu: chagueni saa maalum, awamu ya mapema, meza ya sita au nane. Najua vijana wataniona mshamba. Lakini mtu mzima ambaye kiingereza chake ni cha kuombea maji, akikaa na weita mmoja wiki nzima, weita anamjua siku ya pili, anajua huyu mama hali nguruwe, chai anataka ya moto kweli kweli, na wale wa mezani wanamzoea. Meza ya wawili kila siku inachosha, mnaangaliana tu kama mko kwenye foleni ya hospitali.

Panga saa yako vizuri

Ratiba nyingi zinaandikwa kwa masaa 24. 18:00 ni saa kumi na mbili jioni, 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. Meli za Kimarekani zinaandika 6:00 na 8:30, na ukiwa unamsomea mzazi kwa simu toka huko uliko mtajie kwa saa zetu, usimwambie sita wala nane, atakuja kukaa kabini anasubiri saa nane wakati wenzake wanakula.

Halafu meli ina saa yake. Mara nyingi inafuata nchi mnazopita ila sio lazima, na inabadilishwa kwa tangazo, karatasi inaachwa kabini au inatokea kwenye programu ya meli kwenye simu. Mfano Italia kipindi cha kiangazi iko nyuma ya Mwanza kwa saa moja, Ugiriki kiangazi iko sawa na sisi kabisa, sasa meli inayotoka Italia kwenda Ugiriki itasogeza saa mbele usiku, na wewe ambaye uliamua kuacha saa yako ya Mwanza "nisipotee" siku mbili za kwanza umekosea na baadae ghafla umepatia bila kujua kwa nini. Zile zinazovuka Atlantiki toka Uingereza kwenda Marekani ndo balaa, saa inarudishwa nyuma usiku baada ya usiku. Na simu usiiamini sana, ikikamata mtandao wa bandarini inajibadilisha yenyewe wakati meli haijabadilisha. Beba saa ya mkononi, hata ya Makoroboi inatosha, itegeshe kwa saa ya meli siku ya kwanza na uibadilishe pale tu wanapotangaza.

Kwa nini dakika ishirini zako ni shida ya watu wote

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wakielewa hii mengine yote yanakuja yenyewe.

Kwetu tumezoea kadi ya harusi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 3, na kila mtu anajua, hata mwenye kadi alijua wakati anaiandika. Hamna anayeumia kwa sababu chakula kipo kwenye mahotpoti kinasubiri. Ukumbi wa meli haufanyi kazi hivyo. Weita na msaidizi wake wanakuwa na watu kama ishirini hivi, wakati mwingine zaidi, kwenye meza tatu nne. Weita anachukua oda za meza nzima kwa mkupuo, anaenda jikoni, anapanga foleni kwenye sehemu ya sahani za mwanzo, anapakia kwenye sinia kubwa zile sahani zenye vifuniko moja juu ya nyingine, anabeba begani, anarudi anawagawia wote kwa pamoja. Mkimaliza wote anatoa sahani, anarudi kwenye foleni ya chakula kikubwa, hivyo hivyo mpaka vitamu vya mwisho. Yaani jikoni wanahesabu meza, hawahesabu mtu.

Sasa wewe na mumeo mmekuja saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Wenzenu sita wameshakaa, mkate wameumaliza, weita amepita mara mbili anaangalia viti vyenu, anaangalia mlango. Ana njia mbili na zote mbaya. Aendelee na oda za wale sita halafu nyie muwe nyuma safari nzima ya chakula, ina maana wale sita wamemaliza sahani ya mwanzo na inabidi wawasubiri au wale nyama nyie mkiwa mnakunywa supu. Au awasubiri, na akiwasubiri amepoteza nafasi yake kwenye foleni ya jikoni, na ile meza yake nyingine ya jirani nayo inachelewa ingawa watu wake walikuja mapema kabisa. Na awamu ya mapema inatakiwa iishe, maana chakula chenyewe kinachukua saa moja na nusu hadi mbili, halafu vitambaa vinabadilishwa, uma na visu vinapangwa upya, na saa mbili na robo watu wengine wako mlangoni wamevaa wamependeza. Weita hana pa kuficha hizo dakika. Atawakimbiza kwenye kahawa, mtasema huduma mbaya, mtampa alama ndogo kwenye fomu ya maoni, na zile alama ndo mkataba wake.

Nimeona meza ambayo siku ya kwanza ilikuwa na vicheko, siku ya nne wamekaa kimya wanaangalia saa, sababu ni familia moja tu iliyokuwa kila siku inaingia kwa mwendo wa taratibu ikitabasamu. Hamna aliyewaambia kitu. Wazungu wengi hawakwambii, watatabasamu, watasema hamna shida, na siku inayofuata utakuta wameomba kuhamishwa meza umebaki na viti vitupu.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Fika mlangoni saa ile ile iliyoandikwa, au dakika tano kabla. Usiende nusu saa kabla ukajazana pale mlangoni, milango haifunguliwi mpaka saa yake na hao wanaojazana wanaziba njia tu. Ukichelewa dakika tano hamna neno. Dakika kumi, ukikaa sema samahani mara moja, ukumbi mzima hauhitaji historia ya lifti. Dakika 15 ndo mwisho wa uvumilivu kwa sehemu nyingi, baada ya hapo wenzako wana haki ya kuagiza na kuendelea, na kuna meli mlango unafungwa kabisa. Ukiingia wameshaanza, usimrudishe weita mwanzo, mwambie naungana nao kwenye chakula kikubwa, sahani ya mwanzo niruke. Hilo neno moja linamfanya weita akupende wiki nzima. Na ukiona umepitiliza nusu saa, we usiende kabisa. Panda juu kwenye bafe, jioni nako huwa kuna chakula na hamna anayekusubiri.

Siku za kushuka bandarini ndo siku za kuchelewa. Umetoka kutembea, umerudi umechoka, unataka kuoga, unataka kujinyoosha kidogo, na huko kujinyoosha ndo kunakopeleka watu saa mbili usiku. Kama uko awamu ya mapema na meli inaondoka saa kumi na moja jioni, siku hiyo jiandae mapema au amua tangu asubuhi kwamba jioni utakula bafe.

Kama hutakuja, sema

Hii watu wengi wanaisahau hata hao wazungu wenyewe. Ukijua kesho utakula kwenye mgahawa wa kulipia, au umechoka utakula bafe, waambie wenzako leo mkiwa mnaagana, na mwambie weita. Sentensi moja tu, kesho sisi hatupo. Usipowaambia watakaa wanawasubiri zile dakika 15 kwa adabu yao wakati nyie mko ghorofa ya juu mnakula piza. Ukibadilisha mawazo ghafla, kuna simu kabini, piga wapelekee ujumbe ukumbini.

Watu wa Mwanza tunaopanda MV Victoria kwenda Bukoba hatujazoea hiyo, pale usiku unatoa kihotpoti chako au unanunua mgahawani, unakula saa unayojisikia, hamna wa kumtaarifu. Raha yake ni nyingine.

Nguo

Haraka haraka. Jioni ukumbi mkuu hawataki pensi za ufukweni, singlendi, ndala wala nguo za kuogelea. Suruali ya kitambaa na shati inatosha siku nyingi, jinzi isiyochanika kwenye meli nyingi inapita. Kuna jioni za kuvaa rasmi, safari ya siku saba mara nyingi zinakuwa mbili, ratiba itasema. Cunard, hao wenye meli ya Queen Mary 2, ndo wako makini zaidi, kule jioni za rasmi suti ya kweli inahitajika na kama hutaki kuvaa kuna maeneo mengine ya kulia. Akina mama kitenge kilichoshonwa vizuri na kilemba chake kinapita popote, tena ndo mtapigwa picha nyie, na wababa wenye kanzu na kofia wasiwe na wasiwasi. Beba mtandio, viyoyozi vya kule havina huruma.

Manukato punguza, mmekaa bega kwa bega saa mbili.

Mlangoni: mikono

Utakuta mtu amesimama na dawa ya kupaka mikononi, au masinki kabisa, na meli nyingine wanakuimbia unawe. Usiwapite kwa pembeni. Kuna kirusi kinaitwa norovirus, kinaleta kutapika na kuharisha, na kikiingia kwenye meli kinasambaa haraka kwa kuwa watu wanashika vijiko vile vile na vitasa vile vile. Ile dawa ya spiriti haikiui vizuri, maji na sabuni ndo dawa, kwa hiyo nawa kabini kabla hujatoka halafu pale mlangoni paka ya heshima. Sisi kunawa kabla ya kula hatufundishwi ukubwani, hapa tuko mbele.

Kukaa na kusalimiana

Siku ya kwanza weita anakuongoza mpaka mezani. Salimia wote kwa pamoja, taja jina lako, mkono mpe aliye karibu, sio lazima uzunguke meza nzima unashika mkono wa kila mtu huku watu wamebeba masinia nyuma yako. Kiti ulichokaa siku ya kwanza kwa kawaida ndo kinakuwa chako, usimtoe mtu kwenye chake siku ya tatu eti leo nataka upande wa dirisha. Ukitaka dirisha uliza, wengi watakubali kubadilishana.

Wazazi naomba mnisikilize hapa. Shikamoo hamtaipata. Mtoto wa miaka kumi na mbili atakuita kwa jina lako la kwanza na ataongea na wewe kama mmesoma darasa moja, hajakudharau, kwao ndo hivyo. Na hapo mezani hamna mkubwa wa kuanza kula kwanza wala wa kupewa paja, watu wote wako sawa, na hata mama akihudumiwa kabla ya baba ni utaratibu wao tu.

Mama mmoja wa Nyegezi alinipigia kabla ya kusafiri, mwanae kamkatia tiketi, akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikishakaa na hao wazungu nitaongea nao nini?" Nikamwambia shikamoo mama, waambie tu unatoka Mwanza, Ziwa Victoria, halafu waambie ukienda na barabara ya Musoma kuna lango la Ndabaka unaingia Serengeti. "Basi tu?" Basi tu, hilo linatosha jioni ya kwanza yote, Serengeti wanaijua wote na watakuuliza mpaka uchoke.

Kuagiza

Menyu isome ukiwa bado kabini, kwenye programu ya meli inakuwepo, ili weita akifika usianze kumuuliza kila kitu kimoja kimoja wenzako wakisubiri. Neno usilolijua onyesha kwa kidole, hao maweita wengi ni Wafilipino, Wahindi, Waindonesia, na wao walijifunza kiingereza ukubwani, hawakucheki. Usipotaka sahani ya mwanzo sema mapema, ili asikuwekee pengo la kukaa unaangalia wenzako. Kuongeza unaruhusiwa, unaweza kuomba sahani mbili za mwanzo au kuomba nyingine kama ya kwanza hukuipenda, chakula cha ukumbi mkuu kimeshalipiwa kwenye tiketi, ingawa kuna kampuni siku hizi zinachaji sahani kubwa ikifika ya tatu. Ila ukumbuke jikoni wanahesabu meza. Ukiagiza vitatu vitatu wenzako saba wanakaa wanakutazama unavyotafuna.

Halali, mzio wa karanga, sukari, hayo usiyasubirie mezani. Iandikie kampuni wiki kadhaa kabla, halafu siku ya kwanza mkumbushe mkuu wa ukumbi. Kwa watu wa namna hiyo weita huwa anakuletea menyu ya kesho leo usiku, unachagua, jikoni wanakuandalia peke yako. Na nguruwe anajificha kwenye supu na kwenye maharage, uliza.

Samaki watu wa huku tutasikitika kidogo. Usitegemee sato mzima wa Mwaloni aliyekaangwa mpaka mapezi yanavunjika mdomoni. Utaletewa mnofu, mweupe, umelala juu ya viazi vya kupondwa, hauna kichwa wala mwiba.

Kula kwenyewe

Uma na visu viko vingi, unaanza vya nje unaingia ndani kila sahani inapokuja. Kisahani cha mkate cha kushoto ndo chako, glasi za kulia ndo zako, na hili likikosewa na mtu mmoja kwenye meza ya duara meza nzima inakosea, kila mtu anakunywa maji ya jirani. Mkate unamega kwa mkono. Kitambaa kinakaa mapajani, ukienda chooni unakiacha kwenye kiti, ukimaliza kabisa unakiweka mezani kushoto. Ukiweka uma na kisu sambamba kwenye sahani weita anajua umemaliza, ukiviacha vimeachana anadhani bado unakula, na kwenye ukumbi mkuu wanapenda kutoa sahani wote wakiwa wamemaliza, kwa hiyo yule anayeongea huku kashika uma dakika ishirini ndo anayewacheleweshea vitamu.

Usianze mpaka wote wamepata sahani. Kama chako ndo kimechelewa, waambie endeleeni, vyao visipoe, hapo umeonyesha ustaarabu kuliko kunyamaza.

Unataka kusali, sali, inamisha kichwa kimya. Usishikishe meza nzima mikono.

Toothpiki jamani. Najua sisi hatuna shida nayo, kwenye kibanda cha chipsi pale Kirumba inawekwa mezani pamoja na chumvi, ila kule kuchokonoa meno mezani kunawatoa watu hamu, nenda nayo chooni. Kubeua vile vile. Na kufungasha usifungashe, hasa matunda, nchi nyingi haziruhusu kushuka na chakula toka melini na ukikamatwa kuna faini.

Simu iwe kimya. Kupiga vidio kol mezani kumwonyesha shangazi wa Buzuruga sahani yako, hapana, picha piga moja ya chakula chako, na kama kuna sura za wenzako waulize kabla hujaiweka status.

Maongezi

Maswali ambayo kwetu ndo salamu yenyewe, una watoto wangapi, mbona hujaolewa, unasali wapi, kule yanaonekana ya kumchimba mtu. Acha aseme mwenyewe. Uliza wametoka mji gani, wamepanda meli mara ngapi, leo bandarini walifanya nini. Hilo la kupanda meli mara ngapi ni dhahabu, kuna wastaafu wanaishi kwenye hizo meli kama daladala, watakupa siri zote za wapi pa kukaa na wapi chai nzuri. Siasa za kwao usiingie, hata wakikuchokoza. Bei ya kabini usiulize wala usitaje yako, maana watu mmelipa bei tofauti kabisa kwa kitu kile kile na mmoja lazima atakosa raha.

Na usiongee kiswahili na mwenzako jioni nzima huku wengine wamekaa. Ukishindwa, tafsiri kidogo mcheke wote.

Vinywaji na hela

Maji, chai na kahawa ya kawaida kwenye meli nyingi vimo kwenye tiketi. Soda, bia na mvinyo kwa kawaida ni vya kulipia, kila mtu anatoa kadi yake ya kabini na inaandikwa kwake, hamna bili ya meza wala mambo ya leo nalipa mimi. Chupa ya mvinyo iliyoko mbele ya jirani ni yake, isipoisha weita anaiandika namba ya kabini inahifadhiwa mpaka kesho, kwa hiyo usijimiminie. Akikukaribisha sawa, siku nyingine na wewe umkaribishe kitu.

Tipu kwenye kampuni nyingi za Kimarekani inakatwa yenyewe, kama dola 16 hadi 20 hivi kwa mtu kwa siku, inagawanywa kwa watu wa kabini na wa ukumbini. Ijue mapema uiweke kwenye bajeti, msije mkapaniki siku ya mwisho.

Meza ikikushinda

Inatokea. Unaweza kuwekwa na mlevi, au na watu wanaoongea lugha yao tu, au ndo hao wa kuchelewa kila siku. Usigombane nao na usimlaumu weita mbele yao. Kesho yake mchana, kabla ya chakula cha jioni, nenda kamwone mkuu wa ukumbi, mwambie tungependa kujaribu meza nyingine, basi, sababu sio lazima. Nafasi zikiwepo anakuhamisha siku hiyo hiyo. Ukitaka kubadilisha awamu au saa, nenda siku ile ile ya kupanda, mchana, maana wengi wanataka kubadilisha na nafasi zinaisha haraka. Mkikutana na wale wa meza ya zamani kwenye lifti salimianeni kawaida, usijifiche.

Usiku wa mwisho

Jioni ya mwisho watu hawavai sana, kwa sababu mabegi makubwa yanatakiwa yawe nje ya mlango wa kabini usiku huo ili wayashushe. Pakia kabla ya kwenda kula, ukisema utapakia baada ya kula mtaanza kuchungulia saa mezani wakati wenzenu wanataka kuagana. Bakiza nje nguo ya kushukia na viatu, kuna watu kila safari wanasahau. Kama weita na msaidizi wake wamekutunza na unataka kuwaongeza kitu, weka kwenye bahasha mbili tofauti uwape mkononi, na ya msaidizi usiipunguze sana, yule ndo alikuwa anakumbuka chai yako. Namba za simu badilishaneni hapo hapo mezani, kesho asubuhi ukumbi unafunguliwa mapema na kufungwa mapema na kila mtu anakaa popote, hamtaonana.